Nyungunyungu wa Mpira na Mtu Asiyesafirisha Hewa

Tangu nitangaze kwamba narudi nyumbani, vijana wa ofisini mmenikalia kooni: "Bi Hawa, tuandikie hayo mambo ya vyombo vya kuvulia, ukiondoka tutamuuliza nani?" Haya, nimekaa kuandika. Sanduku langu liko wazi kitandani, chai imepoa, na jirani wa juu anagongelea misumari ukutani kama kawaida yake. Msitarajie habari za vyeo. Katika ofisi ya mizigo yenye watu wanne na birika moja, cheo ni kujua tu nani anaosha vikombe. Nitaandika nilivyofundishwa kazi na walionifundisha, kwa sababu nikikiangalia ninachokijua, sioni hata kimoja nilichokizua mwenyewe.

Nilikuja Guangzhou kumfuata kaka yangu, aliyekuwa akinunua viatu vya jumla kule sokoni Liuhua na kuvipeleka Dar. Alinifundisha mambo mawili: kusema "tai gui", yaani ghali mno, kabla hata sijasikia bei, na kuondoka dukani polepole ili niitwe. Hayo ndiyo yalikuwa masomo yangu yote. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yangu ilikuwa kamba za viatu. Nilizifunga mpaka vidole vikaota sugu.

Siku moja, tukifunga viatu dukani kwa muuzaji, akaingia kijana Mkenya, mrefu, kofia imemfunika macho, akaketi juu ya maboksi bila kukaribishwa. Jina lake Njoroge. Alikuwa akiendesha boti ya mtu mwingine katika Ziwa Naivasha, akipeleka wageni kuvua samaki anayeitwa bass, ambaye aliletwa ziwani na wazungu zamani na akapapenda kuliko wao. Alikuwa amekuja kumsaidia mjomba wake kununua nguo, lakini mawazo yake yalikuwa ziwani.

"Siz, huku hawana chambo za bandia?" akaniuliza. "Zile za kuigiza samaki. Mdosi wangu, mwenye boti, anaziagiza mbali, zikikatika tunalia."

Nikamwambia zipo, nitamtafutia. Sikuwa najua chochote. Lakini nilikuwa nimeshachoka na viatu, na kaka yangu hakupenda kusikia.

Nikaenda Barabara ya Yide, kwenye maduka ya jumla ya vichezeo na vifaa vya shule, nikapata samaki wa plastiki wazuri ajabu, macho yanang'aa, mkia wa rangi tatu. Mwenye duka akaniapia kwamba akivitia ndoana ni vyambo kamili. Uzuri wangu ni kwamba nilitia shaka. Nikachukua kimoja, nikauliza huku na huku, nikaelekezwa kaskazini mwa Baiyun, mwisho wa basi, kwenye bwawa la mwanamke mmoja aitwaye Liang.

Bwawa lake halikuwa kubwa. Kulikuwa na miavuli, viti vya plastiki, na wanaume wazima waliosimama kimya kama wako kwenye maziko. Watu hulipa kuingia, huvua kutwa, na sehemu kubwa ya samaki wale walikuwa ni hao hao bass, ambao huku huitwa luyu na hufugwa kwa wingi. Mwenye bwawa alikuwa amevaa mabuti ya mpira na aproni ya maua. Nilimwita ayi, yaani shangazi, na jina hilo halijabadilika mpaka leo.

Hakunisalimu. Alichukua kile kichezeo changu, akakitia kwenye beseni la maji, akasimama kukitazama. Kikalala ubavu, jicho moja juu.

"Huyu amekufa," akasema. "Bass hali maiti. Nani kakuuzia?"

"Wa Yide."

"Mtoto wako ana umri gani? Mpe akaogee nacho."

Sikuwa na mtoto. Akanipa fimbo yake ya kuvulia mkononi. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi hii, vijana wangu, nikiwa na hijabu yangu, miguu kwenye matope, wanaume wote wa bwawa wakinitazama nikirusha ndoana kwenye mti.

Nilirudi kila wiki. Ayi alinifundisha kwa ukali, lakini hakunificha kitu. Alinifundisha kupitisha mshipi kwenye ukucha ili kusikia kama una kovu. Alinifundisha kuzungusha rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, nikiwa nimefumba macho, maana mchanga husikika kabla haujaonekana. Alinifundisha kwamba bass hugonga kama mdai mlangoni kwa mwenye deni, yaani kimya kwanza, halafu mlango wote unatikisika, na kwamba ukivuta mapema unamnyang'anya tonge. "Ngoja amalize kuamua," alikuwa akisema. Nimeutumia ushauri huo hata kwa wenye viwanda.

Kanuni yake kubwa ndiyo ninayowaachia ninyi: chambo hakipandi kontena kabla hakijaogelea. Rangi ni ya kumvua mnunuzi, samaki anataka mwendo. Kila nilipopata sampuli kiwandani, niliipeleka kwenye beseni la Ayi, halafu bwawani. Wenye viwanda walidhani nina wazimu. Mmoja aliniambia, "Laoban," yaani bosi, "wateja wote wanaangalia picha tu." Nikamjibu kwamba wateja wangu wana meno.

Palikuwa pia na vile vyambo vidogo vya manyoya, vichwa vyake kama punje ya mtama, ambavyo viwanda hutengeneza kwa ajili ya samaki wa Marekani aitwaye crappie. Nimeshika maelfu ya vyambo vya crappie na sijawahi kumwona crappie mwenyewe. Nimeambiwa ana mdomo laini kama karatasi, ukimvuta kwa hasira unachanika. Ayi naye hakuwahi kumwona, lakini alivijaribu vyambo vyake kwa heshima zote, kwa vidagaa vya pembeni mwa bwawa. Vilivyobaki viwandani tulivipeleka kwetu, na perege wa maziwani hawakuuliza cheti cha kuzaliwa.

Jambo moja lilinishinda kwa muda mrefu. Mimi ni mtoto wa Ng'ambo, Unguja, na kwetu samaki akitoka majini anakwenda jikoni. Wavuvi hawa walimvua, wakampiga picha, karibu wambusu, wakamrudisha majini. Nilimsimulia marehemu mama kwa simu. Akaniuliza, "Mwanangu, huko ndimu hazipatikani?" Nilipomwambia Ayi maneno hayo alinikaanga mmoja siku hiyo hiyo, kwa tangawizi na majani ya kitunguu, tukala tumekaa juu ya ndoo.

Sasa niwaeleze habari ya mzigo wa Njoroge, kwani ndio ulionifundisha zaidi ya yote, na mnapenda kuusimulia vibaya.

Wengi wenu mnamjua Kaka Hamisi kama mzee wa ghalani anayelala juu ya marobota. Enzi hizo alikuwa ndiye mfungaji mizigo anayegombewa mtaa mzima wa Sanyuanli. Mnajua desturi yetu: kontena moja, wenye mali kumi, kila mtu na vipande vyake, na nafasi ndiyo inayoamua nani anapanda na nani anabaki. Hamisi alikuwa hakubali kuona kitu kitupu. Sufuria alizitia vikombe, vikombe akavitia vijiko, viatu akavitia mikanda. "Mimi sisafirishi hewa," alikuwa akisema, na wateja walimpenda kwa hilo. Ungempa ngoma angeijaza mchele.

Mwaka huo Njoroge alinipigia simu, sauti imebadilika.

"Mathe, nimetoka kwa mdosi." Siku hizo nilishapanda kutoka siz hadi mathe. "Nimeshika boti mbili zangu. Wageni wa Disemba nishawaahidi kila kitu, kuanzia fimbo mpaka chambo. Hii mzigo ikikosea narudi kwake kuosha boti, na atanicheka mpaka nizeeke."

"Haitakosea, inshallah."

"Mke wangu Wambui amekubali tuuze ng'ombe, mathe. Usiniangushe."

Basi nilikwenda viwandani kwa moyo wa mama mzazi. Nikachagua fimbo, rili, vyambo vigumu vya plastiki, visanduku vya kuvihifadhia vyenye vyumba vyumba, na nyungunyungu wa mpira kwa wingi, wale laini wanaonukia mafuta, ambao bass wa Naivasha huwapenda kupita kiasi. Vyambo vyote viliogelea mbele ya Ayi. Kisha nikavikabidhi ghalani kwa Hamisi.

Hamisi akaona visanduku vitupu na akaona nyungunyungu. Mnajua kilichofuata. Aliwatoa nyungunyungu wote kwenye vifuko vyao, akawalaza ndani ya vyumba vya visanduku pamoja na vyambo vigumu, wekundu juu ya weusi, akatupa vifuko, na mzigo ukapungua kwa kiasi cha kushangaza. Akaniletea kisanduku kimoja nikione, anatabasamu kama bwana harusi. Nikamsifu. Kilikuwa kimepangika kwa uzuri wa kutia kwenye fremu. Nikakiweka dirishani kwangu nimpelekee Ayi, tukasubiri zamu ya kontena. Mwezi wa tisa Guangzhou bado ni tanuri, na dirisha langu linatazama jua.

Nilipokifikisha bwawani, hakikufunguka. Ayi akakivuta kwa kucha. Mfuniko ukaachia polepole, ukivuta nyuzi nyuzi kama haluwa ya moto. Ndani nyungunyungu walikuwa wameshikana rangi na kuanza kuila plastiki ya kisanduku, na wale samaki wagumu rangi zao zilikuwa zinatoka kwa kidole.

Ayi aliingia kibandani, akatoka na kisanduku kikuukuu cha kijani, ubavuni kina kovu, plastiki imeyeyuka ikatoboka.

"Hiki changu," akasema. "Nilikuwa na umri wako. Mafuta ya mpira laini hula plastiki ngumu. Kila mvuvi hujifunza mara moja. Nyungunyungu wangapi wako hivi?"

"Wote. Wote wamefungwa hivi."

"Kontena linapakiwa lini?"

"Kesho kutwa."

"Na kontena linalofuata?"

Nikamwambia kwamba linalofuata huchukua miezi kujaa, na litafika wageni wa Njoroge wakiwa wameshakwenda kwao. Nilikuwa namwona Njoroge anaosha boti ya yule mtu. Nilimwona hata ng'ombe.

Nilirudi ghalani jioni ile ile.

"Kaka Hamisi, mzigo wa Njoroge tuufungue."

"Tuufungue? Mzigo nilioufunga mimi?"

"Huo huo."

"Dada Hawa, sijawahi kufunga katoni ikarudi kufunguliwa. Muulize yeyote hapa."

Sikubishana naye. Nilimpa kile kisanduku mkononi. Akakifungua, akaona zile nyuzi, akanusa, akaketi juu ya robota. Akajifuta mafuta vidoleni kwa shati lake.

"Vifuko vyao nimevitupa," akasema. Sijawahi kumsikia akiongea kwa sauti ndogo hivyo.

Asubuhi nilikuwa Yide kabla maduka hayajafunguliwa, nikanunua vifuko vya zipu kwenye duka la vifaa vya shule, jirani kabisa na yule aliyeniuzia samaki maiti. Aliniamkia vizuri, nami nikamwitikia, kwani siku hiyo sikuwa na nafasi ya kinyongo. Nilipofika ghalani nikamkuta Ayi mlangoni, na aproni yake ya maua. Nyuma yake walikuwa wamesimama wavuvi wa bwawa: dereva wa basi aliyestaafu, mpishi wa tambi, karani wa benki aliyeomba ruhusa kwa kisingizio cha jino, na wengine niliowajua kwa kofia zao tu.

"Bwawa?" nikamuuliza.

"Limefungwa. Samaki nao wanahitaji mapumziko."

Wakatandika makatoni sakafuni, wakaketi. Tulifungua kila sanduku. Wavuvi walijua bila kuambiwa: weusi na weusi, wekundu na wekundu, wenye mkia mbali na wasio na mkia, kila kundi kifuko chake. Nyungunyungu wengi walikuwa wameanza tu kutoa jasho, wakafutika. Ghala lilikuwa na kivuli, si kama dirisha langu. Waliokwisha kuharibika tuliwaweka pembeni, nao hawakuwa wengi. Hamisi alifanya kazi katikati yao bila kunyanyua uso. Hawakuwa na lugha moja, lakini kila alipofungua katoni dereva wa basi alimwonyesha kidole gumba, naye akaitikia kwa kichwa. Mchana mpishi wa tambi akaenda zake na kurudi na tambi za mboga kwa wote, na mayai, akaniambia kwa ishara kwamba sufuria ameiosha mara mbili kwa ajili yetu. Nililia kidogo nikila, nikasingizia pilipili.

Tukamaliza, tukapanga, na Hamisi akapima. Mzigo ulikuwa umekua. Nyungunyungu wakiwa kwenye vifuko vyao walihitaji katoni zao wenyewe, vyambo vigumu navyo katoni zake, na visanduku vyote sasa vilikuwa vitupu. Kontena halikuwa na nafasi hata ya kuweka mkono. Ilimaanisha mtu abaki, na aliyekuwa mwisho kwenye foleni alikuwa Mama Fatuma wa Mombasa, mwenye soksi za watoto wa shule. Alikuwepo pale, amesimama na mkoba wake kwapani.

"Mimi sibaki," akasema. "Wazazi wakishanunua kwa mwingine, hizo soksi nitazivaa mimi? Samaki wa watu wa starehe ndio wanipite mimi?"

"Dada, hakuna anayekupita," nikamwambia.

"Basi mnazitia wapi?"

Njoroge apande, Mama Fatuma abaki. Au Mama Fatuma apande, nyungunyungu wabaki. Ayi aliniuliza tumekwama wapi, nikamtafsiria, akatazama soksi, akatazama visanduku, akaniambia, "Muulize yule mwenye kujaza."

Lakini Hamisi alikuwa ameshainuka. Alichukua jozi ya soksi, akaivuta, akainusa, akaikamua mkononi kama limau.

"Hii ni pamba," akasema. "Pamba haili plastiki."

Akafungua kisanduku kitupu, akatia jozi moja kwenye kila chumba, mfuniko ukafunga kwa mlio mzuri. Akamtazama Mama Fatuma. "Mzigo wote unashukia Mombasa, ghala moja. Vijana wako watazitoa hapo kabla visanduku havijapanda Naivasha. Unakubali?"

Mama Fatuma akakiinua kisanduku sikioni, akakitikisa. "Na nikikuta nyungunyungu kwenye soksi?"

"Nifuate Sanyuanli unipige nazo."

Akakubali. Wavuvi walirudi sakafuni kutia soksi kwenye visanduku, na sasa Hamisi ndiye aliyekuwa akiwaelekeza, kichwa juu, akirekebisha hata mkunjo wa karani wa benki. Katoni za soksi zilikwisha moja baada ya nyingine. Alipopima tena, kila kitu kiliingia.

Kontena liliondoka. Nilikuwa mtu wa kusali mpaka habari zilipokuja, kwanza Mama Fatuma, kwamba soksi ziko dukani, kisha Njoroge. Alinitumia picha ya mgeni mwekundu kwa jua, anacheka, ameshika bass mikono miwili, mdomoni mwa samaki nyungunyungu mweusi anachungulia. Chini ya picha kulikuwa na ujumbe wa sauti.

"Mathe, Mungu akubariki. Boti zote mbili zimejaa, huyo mdosi ananiangalia kwa mbali kama ng'ombe aliyekosa maji. Kila kitu iko sawa. Swali ni moja tu: nimepata soksi nyeupe kwa kisanduku. Hii ni chambo mpya ya China ama?"

Nilimtafsiria Ayi. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka mpaka akashika nguzo.

Baada ya hapo kazi iliendelea kama kazi zinavyoendelea. Njoroge ana boti nyingi sasa, na wanawe wamevaa soksi za Mama Fatuma shule nzima. Hamisi aliongeza kanuni moja tu kwenye kazi yake: kabla ya kutia kitu ndani ya kitu, hunusa. Mkimwona ananusa katoni msimcheke. Nilifundishwa na watu ambao hawakuwa na sababu yoyote ya kunifundisha, na walio wengi sikuwahi kuwalipa zaidi ya chai. Nashukuru. Nimetafuta neno kubwa zaidi nimelikosa.

Wiki hii nilikwenda bwawani kuaga. Ayi amezeeka, anavulia kwenye kiti. Hakutaka maneno ya kuagana. Aliniambia mshipi wangu una kovu, na kweli ulikuwa nalo. Tulipomaliza, akaingia kibandani, akanipa kile kisanduku chake cha kijani, chenye tundu ubavuni. Nilimwambia ni kitupu. Akasema anajua.

Leo Hamisi amekuja kunifungia sanduku, maana ingekuwa aibu nifungiwe na mwingine. Ametia kanga ndani ya viatu, viatu ndani ya sufuria, na chupa ya mafuta ameinusa kwanza. Mwisho ikabaki nafasi pembeni, na kile kisanduku cha kijani. Akakichukua, akakifungua, akanyoosha mkono kwenye soksi zangu. Halafu akaona lile kovu. Akalipitishia kidole, akaketi kitandani, akakaa nacho mapajani.

"Ni cha yule bibi?"

"Ni chake."

Akazirudisha soksi mahali pake. Akafunga mfuniko taratibu, akakilaza juu ya kanga zangu.

"Hiki," akasema, "kiende na hewa yake."